Mume wangu amejaza bunduki za upepo darini, nizitupe?

Shikamoo Shangazi,

Naishi Moshi, Pasua, na mume wangu na watoto wetu wawili. Mume wangu ni fundi wa pampu za maji, na kazi yake inampeleka kwenye mashamba ya zamani kote huku: Kibosho, Machame, Sanya Juu, hadi Usa River upande wa Arusha. Ni mtu mpole. Hanywi, hagombani na mtu, Jumapili yuko kwenye kwaya. Nakuambia hayo mapema usije ukanijibu kama mke wa mlevi.

Kisa chenyewe ni bunduki za upepo. Alianza na moja. Mwenye shamba fulani alikuwa anauza kila kitu aondoke, fedha ya kumlipa hana, akampa bunduki kuukuu iliyokuwa stoo. Mume wangu akaja nayo imefungwa kwenye gunia la kahawa, akatandika magazeti mezani, akakaa anaipangusa mpaka nikalala nikamwacha. Nikasema ni mchezo wa siku mbili. Sasa ziko tatu, zote zinalala darini, chini kabisa ya mabati, zimeviringishwa kwenye blanketi la watoto.

Ya kwanza ni ndefu na nzito, mti wake umekuwa mweusi. Chini ya mtutu kuna wenzo wa chuma anaouvuta kwenda chini, halafu juu kuna kitasa kidogo anakizungusha kwa kidole, tundu linafunguka, anadondosha risasi. Imepigwa alama ya bunduki tatu zilizoegemeana. Ya pili inakunjika katikati kama ya kuvunjika, na ina picha ya mwanamke ameinua bunduki juu ya kichwa. Hii alinunua laki moja na nusu. Ya tatu ndiyo iliyoniuma. Imo kwenye kasha lake, imeandikwa Webley, na mtutu wake uko juu ya chuma kingine kinene, anauinua na kuurudisha nyuma ndipo ikaze. Kasha lina nafasi za mitutu zaidi ya mmoja, lakini mtutu uliopo ni huo huo mmoja. Laki sita, Shangazi. Zilikuwa za mabati ya jiko. Nilijua nilipoona fundi bati haji.

Nikimuuliza anasema ni akiba, kwamba wazungu wanazitafuta sana na siku moja zitasomesha watoto. Nikimuuliza kuhusu kibali anacheka, anasema ni upepo tu, upepo hauui mtu, na polisi hawana habari na vitu vya kuchezea.

Mwezi uliopita kijana wetu wa darasa la tano alipanda darini akashusha ile ya mwanamke, akaenda kulenga ndege kwenye mparachichi wa jirani. Risasi ikapita dirishani kwa jirani. Kioo nimelipa mimi, kwa hela ya vikoba, na jirani amesema safari nyingine anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Sasa kuna dalali wa Arusha. Amemtumia mume wangu picha ya nyingine kwenye simu, ndefu kama ya askari wa zamani, eti zimebaki chache duniani na kuna Mwingereza yuko tayari kutoa milioni arobaini. Anataka milioni mbili za kuishikilia. Mume wangu ameanza kuulizia mkopo. Na mtoto wa shemeji yangu, mwenye karakana ya kuchomelea hapo Majengo, anasema tumpe hizo tatu azipige msasa na rangi nyeusi ziwe mpya, ziuzwe haraka.

Wiki ijayo mume wangu anakwenda Dar es Salaam. Nimewaza nimwite kijana wa vyuma chakavu apite na mkokoteni wake, azibebe zote, yaishe. Au nipande Machame nimwambie mama mkwe, maana ndiye pekee anayemwogopa. Nishauri Shangazi. Kweli zina thamani? Ni kosa kuwa nazo? Na je, niende kwa mama mkwe?

Mama Wawili, Moshi

Jibu la Shangazi

Marahaba mwanangu, na pole kwa kioo.

Kijana wa vyuma chakavu asiguse mlango wako. Ukimpa bunduki tatu zisizo na karatasi, utakuwa umezitoa wewe, kwa mkono wako, na hujui zitakakolala usiku huo. Mwizi akiingia dukani kwa mtu gizani na bunduki ndefu ya chuma, mwenye duka hatamuuliza kama inatumia upepo au baruti. Ikikamatwa, wataanza kuuliza ilipotoka, na mwenye mkokoteni hatakuwa na sababu ya kukuficha. Halafu mumeo atarudi kutoka Dar akute dari tupu. Utakuwa umempa haki ya kuwa yeye ndiye aliyekosewa, na kwa sasa haki hiyo hana.

Tuje kwenye hilo la upepo hauui. Mwambie jeshi la Austria lilianza kutumia bunduki ya upepo mwaka 1780, iliyobuniwa na Girandoni, na walikwenda nayo vitani. Ilibeba risasi kama ishirini kwa mpigo, wakati mwenye bunduki ya baruti alikuwa bado anajaza moja moja kwenye mdomo wa mtutu. Hizi za mumeo ni za springi, yaani springi ikiachiwa ndiyo inayobana hewa na kusukuma risasi, nguvu zake ni ndogo kuliko hiyo, lakini jicho la mtoto halihitaji nguvu kubwa. Uingereza kwenyewe, huko anakosubiriwa huyo mnunuzi, bunduki ndefu ya upepo inayozidi nguvu ya futi-paundi 12, yaani kama jouli 16, inahitaji cheti sawa na bunduki nyingine. Skotilandi wamekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 31 Desemba 2016 hata hizi za kawaida lazima mwenye nayo awe na cheti. Watu waliozitengeneza hawaziiti vya kuchezea.

Kwetu, silaha na risasi zinasimamiwa na Sheria Na. 2 ya mwaka 2015. Anayeitafsiri mbele ya bunduki za mumeo ni polisi, dalali hayumo. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kuuza, kabla ya kupaka mafuta, kabla hata ya kugombana, ni mumeo kwenda kituo kikuu cha polisi cha wilaya na kueleza alichonacho na alivyokipata. Nimesema mumeo, sikusema wewe. Aende mikono mitupu. Asizifunge kwenye kitenge akapanda nazo bodaboda kukatisha mjini, maana akisimamishwa njiani maelezo yake yatasikika ya uongo hata yakiwa ya kweli. Aende na picha za bunduki zote, na namba zilizopigwa kwenye chuma ameziandika kwenye karatasi, na aeleze shamba gani na lini. Yule mwenye shamba aliyempa ya kwanza, kama anapatikana, amwandikie barua fupi ya kukiri kuwa aliitoa kama malipo ya kazi. Ataambiwa huko huko zipelekwe vipi na lini. Mwenyekiti wa mtaa naye apewe taarifa na nyinyi, mapema, asije akaipata kwa jirani ikiwa imeongezwa chumvi.

Sitakudanganya kwamba atarudi nazo. Anaweza kuambiwa aombe kumiliki kwa utaratibu, na anaweza kuambiwa aziache hapo. Jeshi la Polisi limekuwa likitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, na anayejisalimisha mwenyewe husikilizwa tofauti na anayefuatwa nyumbani. Akizipoteza zote tatu, hasara ni laki saba na nusu pamoja na ujira wa kazi moja. Inauma, lakini bado anabaki na kazi yake na jina lake.

Mtoto. Hapa sina upole. Hakuna bunduki inayolala mahali ambapo mtoto wa darasa la tano anafika kwa kupanda kabati. Leo hii ziondoke darini ziingie kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, na risasi zake kwenye chombo kingine, chenye kufuli lingine. Funguo akae nazo mumeo mwilini. Kisha yeye mwenyewe, siyo wewe, amkalishe mtoto aambiwe kuhusu ndege pia: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, inataka kibali cha kuwinda, na ndege wa kwenye mparachichi wamo humo. Zamani watoto wa mashambani walikuwa wanalenga kuzumburu na kunguru mchana kutwa na hakuna aliyeuliza. Nimekulia Usa River, nimewaona. Siku hizo zimepita, na tuwe wakweli, hata siku hizo kuna mtoto wa nyumba ya pili alibaki na jicho moja. Na mikono inawishwe kila baada ya kushika risasi zile, ni madini ya risasi yenyewe, sumu.

Kuna jingine ambalo mafundi hulidharau. Bunduki ya springi ikifunguliwa bila kifaa cha kuibana, springi inaruka na kofia yake kwa nguvu ya kuvunja taya. Ile ya kuvunjika katikati nayo, ikiwa imefunguliwa na mtu akagusa kifyatulio, mtutu unajifunga ghafla, na kidole kilichokuwa kinaweka risasi kinabaki hapo hapo. Muulize mumeo kama kijana alijua hilo aliposhusha ile ya pili.

Sasa nikujibu swali la thamani, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu umezieleza vizuri kuliko anavyoeleza dalali.

Hiyo yenye bunduki tatu zilizoegemeana ni BSA, kampuni ya Birmingham iliyoundwa mwaka 1861. Wazee wa huku wanaijua kwa baiskeli na pikipiki. Bunduki za upepo walianza kuzitengeneza mwaka 1905 kwa ubunifu wa fundi mmoja wa mji huo huo, Lincoln Jeffries, na ubunifu wake ndio huo uliouona: wenzo chini ya mtutu, na kitasa cha kuzungusha ambacho ndani yake risasi inadondoshwa. Umesema wenzo unaonekana, na kitasa anakizungusha mwenyewe kwa kidole. Hilo ni la maana. Mwaka 1948 BSA walitoa nyingine, Airsporter, ambayo wenzo wake umefichwa ndani ya mti, na kitasa kinajifungua chenyewe ukiikaza. Kwa maelezo yako, ya mumeo ni ya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kati ya hizo tatu, hiyo aliyoipata kwa jasho lake ndiyo ningeitazama mara mbili. Kichekesho ni kwamba ndiyo ambayo hakutoa hata senti.

Ya mwanamke ni Diana. Waliitengeneza Mayer na Grammelspacher, kampuni iliyoanza mwaka 1890, mjini Rastatt, Ujerumani. Mwambie mumeo asome maandishi yaliyo juu ya silinda, lile bomba nene lenye springi ndani. Baada ya vita alama hiyo na mashine zake zilichukuliwa zikapelekwa Uingereza, kwa kampuni ya Milbro iliyokuwa Motherwell, Skotilandi. Kwa hiyo kuna Diana za Mjerumani na kuna Diana za Mskoti, na zilizotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya vijana ni nyingi mno. Uzee peke yake haufanyi kitu kiwe adimu. Laki moja na nusu huenda ndiyo bei yake yote, leo na kesho.

Webley ya laki sita ndiyo inayonisikitisha. Kwa ule mtutu unaoinuliwa na kurudishwa nyuma, na kasha la mitutu, inafanana na ile iitwayo Webley Mark II Service, ya Mwingereza, iliyoingia sokoni mwaka 1932. Sifa yake ilikuwa mtutu wa kutoa na kubadilisha, wa milimita 4.5, wa 5.5 na wa 6.35. Mkusanyaji anayelipa vizuri analipia mitutu yote ikiwa pamoja, kasha lake, na namba zinazokubaliana. Ukiwa na kasha lenye nafasi tupu, kila anayelifungua anaona kwanza kile kisichokuwepo. Bado ni kitu kizuri. Lakini alinunua kasha akalipia seti.

Ungemuuliza mkusanyaji yeyote anayejua kazi yake bei inatoka wapi, angekwambia inatoka kwenye mambo ambayo pesa hairudishi: rangi ya bluu nyeusi ya kiwandani iliyobaki kwenye chuma, maandishi yaliyopigwa yakiwa bado makali, mti wa asili wenye michubuko yake, skrubu ambazo vichwa vyake havijaliwa na bisibisi. Ndiyo maana nakuomba umzuie huyo mtoto wa shemeji yako kwa nguvu zako zote. Dakika kumi za msasa zitaondoa zile bunduki tatu zilizoegemeana, na baada ya hapo hakuna mtu atakayeamini hata kama ni BSA. Rangi ya kupuliza inamwambia mnunuzi kwamba kuna kutu iliyofichwa, au namba iliyofutwa. Na namba iliyofutwa ukiipeleka polisi inaanzisha mazungumzo ambayo hamyataki.

Pale darini nako zinaharibika. Chini ya mabati mchana wa Januari ni tanuri. Mti unapasuka, ngozi inakauka. Masika yakija, blanketi linashika unyevu na chuma kinapata kutu upande ule usiouona. Mumeo ni fundi pampu, ataelewa nikisema ndani ya hizi za zamani kuna washa ya ngozi kwenye pistoni, ndugu yake ile iliyo kwenye pampu za mkono. Ikikauka, upepo unavuja. Lakini asijaze mafuta ya mashine humo ndani akidhani anasaidia. Pistoni ikikimbia, hewa inabanwa na kupata joto, mafuta yanawaka kama kwenye injini ya dizeli, moshi unatoka mdomoni na springi inaumia. Nje, kitambaa chenye mafuta mepesi kinatosha. Asiiache imekazwa, hata usiku mmoja, na asiifyatue bila risasi ndani. Vanishi asipake.

Nimebaki na dalali. Kweli, mwanzoni mwa miaka ya 1900 BSA walitengeneza bunduki ya upepo yenye umbo la Lee-Enfield ndefu ya askari, kwa ajili ya mazoezi, na zilizobaki ni chache sana, wakusanyaji wanazililia. Ndiyo maana picha yake inazunguka kwenye simu za madalali. Mtu mwenye kitu cha milioni arobaini mkononi hakopi milioni mbili kwa fundi pampu wa Pasua ili akishikilie. Kwanza kina mwenyewe? Kiko wapi, kwenye nyumba ya nani, kwa karatasi gani? Mumeo amjibu kwa maneno machache: nitumie picha ya ile namba kwenye chuma, kwa karibu, na gazeti la leo limewekwa pembeni, na nakala ya kibali cha mwenye silaha. Usishangae dalali akipotelea hapo. Asipopotea, akaleta picha na karatasi, mazungumzo yahamie kituo cha polisi, pande zote mbili zikiwepo, kwa sababu silaha haihami mkono kwa kutumiana M-Pesa. Na hata ikiwa ni ya kweli, kuivusha mpaka kufika Uingereza kuna vibali vya kutoka huku na vya kuingia kule. Mwingereza anayeijua kazi yake angeyataja hayo kwanza, bei baadaye. Mkopo, hapana. Hapo usilegeze hata kidogo.

Umenikera mahali pamoja, niseme. Umeandika hayo yote na hujasema mara moja kwamba umewahi kukaa naye ukamuuliza anapenda nini kwenye vile vyuma. Mwanamume asiyekunywa, anayezunguka mashamba ya watu mwaka mzima akitengeneza pampu ambazo si zake, amekuta kitu kilichotengenezwa kwa ustadi na mafundi wenzake zaidi ya miaka themanini iliyopita, na bado kinafanya kazi. Mimi naielewa hiyo. Sisemi uvumilie laki sita za mabati. Alizichukua kwa siri, na siri ndiyo unayopaswa kuigombea. Kama angekwambia mezani, mkakubaliana mwaka huu jiko lisubiri, ningekuwa nakuandikia barua nyingine kabisa.

Kwa hiyo kabla hajaondoka kwenda Dar, chagua jioni ambayo watoto wamelala. Usianze na jiko. Anza na kioo cha jirani na kufuli, kwa kuwa hapo hana cha kubisha. Kisha polisi. Kisha mpe daftari, la kawaida tu la mistari, aandike kila bunduki: namba yake, ilikotoka, alilipa nini, siku gani. Mkusanyaji wa kweli analo daftari hilo tangu siku ya kwanza. Asiye nalo ni mtu mwenye vyuma. Mwisho ndipo fedha: laki sita zirudi kwenye mabati kutoka kwenye kazi zake zijazo, kidogo kidogo, mkiandika nyuma ya daftari hilo hilo, na isinunuliwe nyingine mpaka jiko limeezekwa. Ile hela yako ya vikoba iliyolipa kioo irudi kwanza kuliko zote. Kama polisi wataruhusu abaki nazo, mwambie auze Diana, abaki na BSA. Webley aamue mwenyewe, nadhani ataing'ang'ania, wanaume wengi hung'ang'ania kile kilichowagharimu.

Umeuliza kuhusu mama mkwe. Usipande Machame kwanza. Mama akisikia neno bunduki kabla ya neno upepo, habari itafika kwa mashemeji zako wote kabla hujashuka stendi ya Moshi, na mumeo ataziondoa hapo kwenda kuzificha mahali ambapo wewe hutapajua. Mpe mumeo nafasi ya kwenda kituoni mwenyewe. Akikataa baada ya mazungumzo hayo, au ukisikia amechukua ule mkopo, hapo panda, na ubebe majani ya chai na sukari ya mama.